Kabla ya Kuhamisha Mashine Pepe, Hakikisha Unaweza Kuzirudisha

Swali la msomaji: "Nimeajiriwa kuwa msimamizi wa mifumo katika SACCOS moja mjini Morogoro, na aliyenitangulia aliondoka kabla sijafika. Nimekuta seva mbili zenye RAM ya GB 128 kila moja, zote zikiendesha ESXi 7 ya bure, na ndani yake mashine pepe kumi na moja, ikiwamo ile yenye mfumo wa akiba na mikopo. Meneja anataka tuhamie Proxmox kabla mwaka haujaisha. Kila mashine ina snapushoti yake, kwa hiyo bekapu tunazo. Nianzie wapi?"

Kwa aliye mgeni wa mambo haya: mashine pepe ni kompyuta ya kiprogramu inayoishi ndani ya seva, na ESXi na Proxmox ni programu zinazoendesha mashine nyingi za namna hiyo ndani ya seva moja. Ndugu msomaji, meneja wako ana sababu nzuri ya kutaka mhame, nami nitazieleza sababu hizo kwa ufupi. Hata hivyo, kilichonishtua katika barua yako ni yale maneno yanayotangulia swali lenyewe. Snapushoti si bekapu. Mpaka utakapokuwa na bekapu ya kweli, ambayo umeirejesha mwenyewe mahali pengine na kuiona ikifanya kazi, nakuomba usihamishe hata mashine moja, hata kama unasukumwa namna gani.

Unapochukua snapushoti ndani ya ESXi, yaani alama ya kuirudisha mashine ilivyokuwa saa hiyo, hakuna nakala yoyote ya diski inayotengenezwa. Faili la diski la awali linafungwa lisiandikwe tena, na kuanzia dakika hiyo kila badiliko linaandikwa katika faili jingine dogo linalowekwa pembeni, ambalo jina lake huishia na tarakimu kama 000001. Mashine inaposoma data, inasoma mafaili yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo diski ya awali ikiharibika, snapushoti haina la kukupa, kwa kuwa yenyewe ina mabadiliko tu, tena yamekaa kwenye diski zilezile za seva ileile. Kibaya zaidi, faili hilo la pembeni linaendelea kukua kadiri watu wanavyofanya kazi, na linaweza kufikia ukubwa wa diski nzima. Siku hifadhi itakapojaa, mashine zinazohitaji nafasi ya kuandikia ndani ya hifadhi hiyo zitasimama, pengine saa nne asubuhi wanachama wakiwa wamepanga foleni. VMware, watengenezaji wa ESXi, wenyewe wanashauri snapushoti moja isikae zaidi ya saa 72. Fungua kivinjari cha hifadhi katika ESXi, tazama mafaili hayo yana tarehe gani na yamefikia ukubwa gani. Nina hofu kwamba utakuta yana miezi mingi.

Usikimbilie kuyafuta leo. Kuondoa snapushoti ya siku nyingi maana yake ni kuyarudisha mabadiliko yote ndani ya diski ya awali, kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa na kuielemea diski kiasi kwamba watumiaji watalalamika. Kwanza hakikisha kuna nafasi ya kutosha katika hifadhi, kisha chukua bekapu ya hifadhidata kutoka ndani ya mashine yenyewe na uihifadhi nje ya seva, ndipo uondoe snapushoti moja baada ya nyingine nyakati za usiku au Jumapili. Ukiona asilimia zimesimama kwa muda mrefu, vumilia. Kuzima seva katikati ya kazi hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kuharibu kile ulichokuwa unakilinda.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ya namna mashine pepe zilivyobadilisha kazi yetu. Zamani kila mfumo ulikuwa na seva yake, na seva moja ikifa, ulikufa mfumo mmoja. Siku hizi mifumo mitano au sita inakaa ndani ya chuma kimoja, chini ya programu moja inayoitawala yote, nayo ikipata hitilafu au ikivamiwa, yote inaanguka kwa pamoja. Mwezi Februari 2023 wahalifu wa mtandao walishambulia maelfu ya seva za ESXi, nyingi zikiwa Ufaransa na nchi nyingine za Ulaya, wakaharibu mafaili ya mashine pepe na kuacha ujumbe wa kudai kikomboleo. Shambulio hilo lilipewa jina la ESXiArgs. Tundu walilotumia lilikuwa limetolewa kiraka Februari 2021, miaka miwili kabla. Wahalifu hawakuhitaji kuingia katika kila mashine moja moja. Waliingia kwa mwenyeji, na wapangaji wote wakapatikana humo ndani. Angalia basi kama ukurasa wa kusimamia ESXi zenu unafikika kutoka intaneti au kutoka kompyuta za kaunta. Ukifikika, uhamishie kwenye VLAN yake (sehemu ya mtandao iliyotengwa) inayofikiwa na kompyuta yako tu, na ufanye hivyo wiki hii, bila kusubiri mradi wa kuhama.

Sasa kuhusu sababu za kuhama. Kampuni ya Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Februari 2024 ESXi ya bure ikaondolewa. Ilirejeshwa Aprili 2025 kwa toleo la 8, ambalo halizikubali prosesa zote za zamani. Toleo la 7 mlilo nalo lilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 2 Oktoba 2025, na hapo mkabaki na mlango usiopata viraka tena. Proxmox VE, inayotengenezwa Vienna nchini Austria, imekuwapo tangu 2008 na inatumia KVM, teknolojia ya kuendesha mashine pepe ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu 2007. Unaweza kuitumia yote bila kulipa, ingawa ningewashauri mnunue usajili wa ngazi ya chini angalau ili mpate masasisho kutoka hazina iliyopimwa zaidi. Hoja ya teknolojia haihitaji maneno mengi kuliko hayo, kwa sababu shida yenu haitokani na jina la programu.

Kuna kikwazo kimoja ambacho huenda ndicho kilichomfanya aliyekutangulia aegemee snapushoti. ESXi ya bure imefungiwa njia ambayo programu za bekapu huitumia kuchukua nakala ya mashine nzima ikiwa inafanya kazi. Zinabaki njia mbili za kufanyia kazi. Ya kwanza ni kuchukua bekapu kutoka ndani ya kila mashine: Windows Server ina programu yake ya bekapu isiyohitaji malipo, na hifadhidata kama SQL Server au PostgreSQL zina amri zake za kutoa nakala kamili. Ya pili ni kuizima mashine mwisho wa wiki na kuitoa nzima kwa muundo wa OVF, yaani mafaili ya kubebea mashine pepe nzima, ama kwa ukurasa wa usimamizi, ama kwa programu ya ovftool ikiwa diski ni kubwa na kivinjari kinakatika njiani. Kwa mashine ya mfumo wa akiba na mikopo, tumia njia zote mbili. Nakala ya diski nzima inakurudishia mashine ilivyokuwa, ilhali nakala ya hifadhidata inakurudishia vitabu vya wanachama hata kama Windows yenyewe imekataa kuwaka.

Nakala hizo zinahitaji pa kukaa, na hapo ndipo utakapomwomba meneja fedha za kwanza: mashine ya tatu. Haihitaji kuwa ya kifahari. Seva iliyotumika yenye nafasi ya diski nne au zaidi na RAM ya GB 32 inatosha kuanzia. Nunua diski mpya lakini, usikubali zilizotumika. Isakinishie Proxmox VE, hamishia humo nakala ya mashine moja isiyo na uzito, kwa mfano ile ya kuchapishia nyaraka, ukiwa umekata kadi yake ya mtandao ili isigombane na ile inayoendelea kufanya kazi, kisha iwashe. Ikiwaka na ukaweza kuingia na kufungua mafaili, umethibitisha mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kwamba bekapu yako inarejesheka, na kwamba mashine hiyo inakubali kuishi ndani ya Proxmox. Ndiyo maana nilitangulia kusema usihame kabla ya kurejesha. Katika hali yenu, jaribio la kurejesha na jaribio la kuhama ni kazi moja, na ukiifanya kwa mashine zote kumi na moja, siku ya kuhama utakuwa unarudia kitu ulichokwisha kukifanya.

Katika majaribio hayo utakutana na vitu vichache vinavyowasumbua karibu wote. Mashine za Windows zinazotoka VMware hazina draiva za VirtIO ambazo Proxmox huzitumia kupata kasi nzuri ya diski, na ukiiunganisha diski ya kuwakia moja kwa moja kwa njia hiyo, utaona skrini ya buluu ikisema kifaa cha kuwakia hakipatikani. Hakuna kilichoharibika. Zima, iunganishe diski hiyo kama SATA, ongeza diski nyingine ndogo ya GB 1 iliyounganishwa kwa VirtIO SCSI, washa, sakinisha draiva kutoka faili la ISO la VirtIO, hakikisha Windows imeiona ile diski ndogo, kisha zima tena, ifute, na uibadilishe diski kuu iwe ya VirtIO SCSI. Angalia pia kama mashine ya asili iliwaka kwa BIOS au kwa UEFI, njia mbili tofauti za kuwashia kompyuta, kwa sababu ukichagua kinyume chake haitawaka kabisa. Kwenye Linux jina la kadi ya mtandao hubadilika, mara nyingi kutoka ens192 kwenda ens18, na mashine inawaka vizuri ila haina anwani ya IP mpaka urekebishe faili la mipangilio. Kwenye Windows anwani ya IP iliyowekwa kwa mkono inabaki kwenye kadi ya zamani ambayo haipo tena, na itakubidi uiandike upya kwenye kadi mpya. Kwa hiyo andika anwani zote katika daftari kabla ya kuzima. Ondoa VMware Tools (programu saidizi za VMware zinazokaa ndani ya mashine) wakati mashine ingali ndani ya ESXi, maana baadaye hugoma kuondoka. Proxmox za sasa zina zana ya kuingiza mashine moja kwa moja kutoka ESXi kuanzia toleo la 6.5, nayo inafanya kazi vizuri, lakini mashine yenye snapushoti huingia polepole mno, na hiyo ni sababu nyingine ya kuzisafisha mapema.

Lingine la kukokotoa kabla hujagusa chochote ni kama seva moja inaweza kubeba mzigo wa zote mbili. Jumlisha RAM iliyogawiwa mashine zote. Tuseme seva ya kwanza ina mashine zinazotumia GB 90 na ya pili GB 80: jumla ni GB 170, ambazo haziwezi kuingia katika GB 128, tena kabla hujatoa sehemu ya Proxmox yenyewe na ya ZFS (mfumo wa kupanga na kulinda data kwenye diski) kama utaitumia. Maana yake ni kwamba siku seva moja ikifa, itakubidi uchague mashine zipi ziishi na zipi zisubiri, na uchaguzi huo ufanywe sasa, kwa maandishi, na meneja atie sahihi. Mara nyingi ukizipima mashine kwa wiki mbili utagundua kwamba nyingine zilipewa GB 16 na hazijawahi kuvuka GB 5. Zipunguze. Kori za prosesa unaweza kuzigawa kuzidi zilizopo bila madhara makubwa kwa mzigo wa ofisi, lakini RAM ukiigawa kuzidi uwezo, utalipa siku ya shughuli nyingi.

Utashawishika kuziunganisha seva mbili ziwe klasta, yaani kundi linalosimamiwa kama mfumo mmoja. Fahamu kwanza kuhusu akidi. Katika klasta ya Proxmox kila seva ina kura moja, na ili maamuzi yafanyike lazima zaidi ya nusu ya kura ziwepo. Zikiwa mbili na moja ikazimika, iliyobaki ina nusu tu: mashine zilizokuwa zikiendelea zitaendelea, lakini hutaweza kuwasha nyingine wala kubadilisha mipangilio, yaani utafungiwa nje saa ileile unayohitaji kuingia. Kama umewasha huduma ya kuhamisha mashine zenyewe wakati wa hitilafu, seva iliyobaki itajizima na kujiwasha, na mashine zilizokuwa salama zitaanguka pia. Dawa yake ni kuweka kompyuta ndogo ya tatu inayotoa kura tu, kitu kinachoitwa QDevice, ambacho hata Raspberry Pi inaweza kukibeba. Usiiweke kazi hiyo kwenye seva ya bekapu, kwa sababu kuisanidi kunaipa klasta ufunguo wa kuingia humo, na seva ya bekapu haipaswi kuifungulia klasta mlango. Ukiwa na klasta ya namna hiyo na diski za ZFS, unaweza kunakili mashine muhimu kutoka seva moja kwenda nyingine kila baada ya dakika 15. Ceph, mfumo wa kusambaza hifadhi katika seva nyingi, iache, inataka seva tatu au zaidi na mtandao wa kasi, nanyi hamna sababu ya kuingia huko.

Mkishahama, ile mashine ya tatu igeuze iwe Proxmox Backup Server. Inachukua mabadiliko tu baada ya nakala ya kwanza, na vipande vinavyofanana huvihifadhi mara moja, hivyo nakala za siku thelathini hazilingani na diski thelathini. Jambo ambalo wengi hulipita ni ruhusa. Akaunti ambayo seva zako zinaitumia kupeleka bekapu ipe wadhifa wa DatastoreBackup pekee, unaoruhusu kuweka na kurejesha nakala lakini hauruhusu kuzifuta. Upunguzaji wa nakala za zamani ufanywe na seva ya bekapu yenyewe, yenye nywila tofauti isiyohifadhiwa popote kwenye seva nyingine. Mvamizi akiiteka Proxmox yenu yote, atakuta mlango wa kufutia bekapu umefungwa. Kisha peleka nakala nyingine katika tawi lenu au mahali pengine nje ya jengo, zikiwa zimefungwa kwa ufunguo wa usimbaji. Nakala ya kwanza ibebe kwenye diski kwa gari, kwa sababu kuisukuma terabaiti nzima kwenye intaneti ya ofisi kutachukua siku nyingi. Mabadiliko ya kila usiku yatapita mtandaoni bila shida. Ufunguo wa usimbaji uchapwe kwenye karatasi na ukae ndani ya sefu ya meneja, maana bekapu iliyosimbwa ambayo ufunguo wake umekufa na seva haina faida kwa mtu yeyote.

Umeme nao ni sehemu ya kazi hii. UPS inayolia tu bila kuzungumza na seva haitoshi. Iunganishe kwa waya wa USB au mtandao na programu ya NUT, ili betri ikifika kiwango fulani mashine pepe zianze kuzimwa kwa utaratibu, na seva zenyewe zifuate. Panga pia mpangilio wa kuwaka: kwanza mashine yenye DNS (huduma ya kutambua majina ya kompyuta kwenye mtandao) na akaunti za watumiaji, halafu hifadhidata, halafu mfumo unaoitegemea, ukiweka dakika kadhaa kati yao. Usipofanya hivyo, kila umeme ukirudi utakuta mfumo wa mikopo umewaka kabla ya hifadhidata yake, umekosa pa kushika, na watu wanakupigia simu kwamba "mtandao haupo." Jaribu kuchomoa waya wa UPS ukiwepo mwenyewe, Jumamosi mchana, baada ya kuchukua bekapu, ni heri uyaone mapungufu ukiwa umejiandaa.

Yapo mambo mawili ambayo wewe peke yako huwezi kuyaamua, na ni haki yako kumpelekea meneja. La kwanza: mfumo wa akiba ukiharibika, SACCOS inaweza kuvumilia kupoteza kazi ya muda gani? Kama jibu ni siku moja, bekapu ya kila usiku inatosha. Kama jibu ni nusu saa, itabidi hifadhidata ichukuliwe nakala ya kumbukumbu zake za miamala mchana kutwa. La pili: ofisi inaweza kusimama kwa saa ngapi? Baada ya majaribio yako ya kurejesha utajua kwamba mashine kubwa inachukua, tuseme, saa tatu kurudi, na utamwonyesha meneja tofauti kati ya muda huo na anaoutaka yeye. Tofauti hiyo ndiyo bajeti yako. Viongozi wengi huonekana wagumu kwa sababu wameombwa "seva mpya" bila kuambiwa seva hiyo inaokoa nini.

Mhame kwa awamu. Kwa kuwa mna seva mbili tu, itabidi mashine za seva moja zihamie kwa muda kwenye nyingine na kwenye ile ya tatu, zile zisizo za lazima zikizimwa kwa siku mbili, ili seva iliyobaki tupu isakinishwe upya. Anza na mashine ndogo, ikae wiki moja, ndipo uendelee. Mfumo wa akiba na mikopo uwe wa mwisho, na usiuhamishe katika siku za kufunga mwezi. Mashine ya zamani usiifute baada ya kuhama: hifadhi nakala yake ikiwa imezimwa, kadi yake ya mtandao ikiwa imekatwa ili mtu asije akaiwasha kwa bahati mbaya mkawa na vitabu viwili vinavyopingana. Iache hivyo mpaka mwezi umefungwa katika mfumo mpya na mhasibu amelinganisha salio la wanachama na kukupa kauli yake kwa maandishi. Baada ya hapo, diski zote zilizobaki bila kazi zifutwe kwa kuandikwa juu yake, au ziharibiwe kabisa kama hazifutiki, kwa sababu zina majina, mishahara na madeni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka mzilinde taarifa hizo hata zikiwa ndani ya diski iliyotupwa stoo. Andika namba ya kila diski, tarehe iliyofutwa na jina la aliyeshuhudia, na karatasi hiyo uiweke kwenye faili moja na zile za majaribio ya kurejesha.